Mgonjwa wa Hamamu ya Warumi

Hotpoti ya bluu ilishuka stesheni ya Tower Hill.

Mardhiya alishuka behewa la nyuma yake. Ushungi mweusi, raba za Reebok, chupa ya chai ya lita mbili mkononi. Hakuharakisha. Anayeharakisha kwenye stesheni za London huonekana mwizi au mgeni, naye leo hakutaka kuonekana kabisa.

"Sindano, hapa Uzi," sauti ilisema sikioni mwake. "Unaiona?"

"Naiona."

"Ameibebaje?"

"Ameikumbatia kama mtoto mchanga."

Kipokea sauti kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi, nacho kilikaa salama chini ya ushungi. Majasusi wa Ulaya huhangaika kuficha vifaa vyao kwenye nywele na kola. Mardhiya hakuwahi kuwa na tatizo hilo.

Uzi alikuwa Laurean, mzaliwa wa Bukoba, mkuu wake katika Idara ya ujasusi ya nyumbani. Alikuwa ndani ya Ford Transit nyeupe iliyoegeshwa nyuma ya kanisa, ubavuni imeandikwa kwamba inatengeneza mabomba.

"Usimguse njiani," Laurean alisema.

"Nimeelewa mara ya kwanza."

Ndani ya hotpoti ile, chini ya wali, kulikuwa na taa.

Taa ya shaba, ndogo kama kiganja, yenye umbo la mguu uliovaa ndara za kamba. Fundi wa Kirumi aliifua karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mfanyabiashara fulani akaivusha bahari hadi Unguja, mchanga wa kusini mwa kisiwa ukaificha, na wachimbaji wakaja kuifukua. Mwanzoni mwa mwaka huo, 2003, ilitoweka kwenye stoo ya makumbusho.

Aliyekamatwa ni mlinzi wa stoo, Mzee Msabaha. Hukumu yake ilikuwa Jumatatu.

Leo ilikuwa Jumamosi.

Mnunuzi alikuwa Thornby, tajiri wa majengo. Mafundi wake, wakichimba msingi kando ya mto Thames, walikuta mabaki ya hamamu ya Warumi, bafu lao la umma. Saa tisa alasiri Thornby angewaonyesha watu wa televisheni hamamu hiyo, na mbele ya kamera taa ingeibuka kwenye udongo wake. Kitu kilichofukuliwa London hakiwezi kuwa kimeibwa Zanzibar. Thornby angepata taa yenye nasaba safi. Mzee Msabaha angefungwa jela, na kila atakayemtetea angeulizwa taa gani anayoizungumzia.

Ndiyo maana hotpoti haikuguswa njiani. Ikinyakuliwa barabarani, ni mama kampora mama mwenzake. Ilitakiwa ikutwe mikononi mwa Thornby.

Mardhiya alitoka kwenye jua la Mei.

"Mama Afnan!" sauti iliita. "Umechelewa. Chai yetu iko wapi?"

Chama cha akina mama Waswahili wa Stratford, mashariki mwa London, kilikuwa kimejaa bustanini, mabuibui kumi na kadhaa, mifuko ya Tesco na hotpoti za kila rangi. Mwenyekiti wao, Bi Zuwena, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kama kadhi. Kwao, Mardhiya alikuwa mama wa Afnan anayefanya kazi ya kutunza wazee. Hawakujua lingine. Na kazi ya kutunza wazee aliifanya kweli, siku nne kwa wiki, mgongo wake ulikuwa shahidi.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Chai hii hapa."

"Marahaba. Ina tangawizi?"

"Inachoma."

Mwanamke wa hotpoti ya bluu alikuwa ameshafika. Alijiita Nusra. Alizaliwa Wete, Pemba, akakulia Dubai, na kazi yake ilikuwa kubeba vitu vya watu wasiopenda kuulizwa maswali. Wiki iliyopita alimpigia Bi Zuwena simu kuomba nafasi kwenye ziara. Ilikuwa akili nzuri. Mwanamke mmoja na hotpoti mbele ya jengo la Thornby angeonekana. Msafara mzima wa hotpoti ukitazama magofu ni jambo la kawaida.

Ila Nusra alikuwa ameishi hotelini miaka mingi mno. Kuna mambo alikuwa ameyasahau.

Mbele yao ulisimama ukuta wa Londinium, mji wa Warumi uliolala chini ya London. Mawe ya kijivu, na katikati matabaka ya matofali mekundu.

Kiongozi wa ziara alikuwa Bwana Kailash, mzaliwa wa Darajani, Unguja, mkazi wa Stanmore, mwalimu mstaafu. Alifanya kazi hii bure kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mkewe alichoka kumsikiliza.

"Mabibi, sehemu ya chini ndiyo ya Warumi," alisema, akielekeza mwavuli. "Juu waliongeza watu wa baadaye."

"Warumi wenyewe waliondoka lini?" Bi Zuwena aliuliza.

"Kama miaka elfu moja na mia sita iliyopita."

"Na mpaka leo hawajapiga chokaa."

Wanawake walicheka. Bwana Kailash alingoja kwa subira ya mtu aliyefundisha darasa la wavulana.

"Warumi walikuja kwa merikebu, wakateka nchi, wakatoza kodi, wakawafundisha wenyeji lugha yao. Waingereza walikuwa koloni karibu miaka mia nne."

Bi Zuwena alikivuta kiti chake mbele.

"Hebu rudia hapo," Bi Zuwena alisema. "Polepole."

Alirudia. Mama mmoja alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio.

Walitandika mikeka chini ya ukuta wakafungua vyombo. Sambusa, katlesi, mkate wa ufuta, pilau iliyofungwa kwenye foili. Mardhiya alimimina chai akihesabu mifuniko. Hotpoti zote zilifunguka isipokuwa moja.

"Nusra, mwanangu," Bi Zuwena alisema. "Hiyo umekuja nayo kuifanyisha mazoezi?"

"Hii si yetu, Bi Zuwena. Ni ya mgonjwa."

Mardhiya aliacha kumimina.

Ilikuwa kosa, na Nusra hakulijua. Aliamini amefunga mlango. Nani atagusa chakula cha mgonjwa?

"Mgonjwa?" Bi Zuwena alishusha kikombe. "Mgonjwa gani?"

"Jamaa tu."

"Jamaa ana jina. Amelazwa?"

"Hapana. Yuko hapo chini. Karibu na mto."

"Anaumwa nini, maskini?"

"Kifua."

"Ya Rabi. Na wewe umekaa na siri hiyo tangu asubuhi. Jamani, kuna mgonjwa. Mtilieni katlesi. Nani ana supu?"

"Hali vitu vya mafuta," Nusra alisema haraka.

"Basi mkate. Fungua hiyo hotpoti tuongeze."

"Imejaa."

"Hotpoti gani hiyo isiyopokea kipande cha mkate?"

Nusra aliangalia saa yake. Alisimama.

"Nampelekea mara moja, narudi sasa hivi. Nyinyi endeleeni."

Akaondoka kwa hatua ndefu, akiteremka kuelekea mtoni.

"Sindano," Laurean alisema sikioni. "Kunja kitambaa."

Mardhiya hakuamini masikio yake. Kunja kitambaa maana yake acha kazi, rudi nyumbani.

Alijitenga kidogo, akaziba mdomo kwa ushungi. "Sababu?"

"Mkubwa mmoja amepiga simu. Thornby anataka kujenga hoteli kwetu. Hawataki kelele."

"Na Mzee Msabaha?"

"Mama, mimi natoa amri niliyopewa."

"Nimekuuliza Mzee Msabaha."

"Hukumu ni Jumatatu. Unajua."

Mardhiya alimjua Mzee Msabaha. Alipokuwa msichana wa shule, yule mzee ndiye aliyemruhusu kuishika taa hiyo mkononi, akamwambia: hawa walikuja kwetu kununua, hawakuja kututawala, ishike vizuri. Mzee aliyekuwa akivua viatu kabla ya kuingia kwenye stoo. Leo analala sakafuni rumande.

"Kunja kitambaa, Sindano. Narudia. Ukiendelea, huna gari, huna watu, huna Idara."

"Uzi."

"Nakusikia."

"Mimi sikusikii."

Alichomoa kifaa sikioni, akakidumbukiza kwenye kikombe cha chai kilichobaki nusu.

Sasa hakuwa na redio. Bastola aliiacha Dar es Salaam kwa amri ya watu walewale. Alikuwa na Nokia 6310, chupa ya chai, na chama cha akina mama wa Stratford.

Alitosheka.

"Jamani," alisema, si kwa sauti kubwa. "Nusra amekwenda kwa mgonjwa peke yake. Sisi tunakula."

Mikono ilisimama njiani kuelekea midomoni.

Bi Zuwena alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikikunja kiti chake kwa kishindo.

"Mimi nasema hivi. Nilipolazwa na figo, nani hakuja? Nesi alisema wageni wawili tu. Mlikuja wangapi?"

"Sote," mama mmoja alijibu.

"Nesi alifanya nini?"

"Alikula sambusa."

"Fungeni vyombo. Tunakwenda kumtazama mgonjwa."

"Ziara haijaisha," Bwana Kailash alisema. "Bado kuna sehemu ya—"

"Lete mwavuli wako, Bwana Kailash. Mgonjwa ni wa wote."

Mabuibui yaliteremka mtaani kama wimbi. Madereva wa teksi walisimama. Watalii wa Kijapani walipiga picha. Mardhiya alitangulia, macho kwenye hotpoti ya bluu iliyokuwa inapotea nyuma ya mabasi.

Nusra aligeuka mara moja. Aliona wimbi. Akaanza kukimbia.

Jengo la Thornby lilikuwa limezungushiwa mabati. Mlango wa chuma ulimmeza Nusra ukafungwa. Mlinzi mwenye koti la manjano alibaki nje, mikono kifuani.

Mardhiya hakwenda kwake. Alikwenda ubavuni, walikoshushia mchanga, akapanda rundo la mbao, akaushika ukingo wa bati. Buibui liliraruka gotini. Aliruka ndani.

Nyuma yake alisikia Bi Zuwena akimweleza mlinzi, kwa Kiingereza cha Stratford, kwamba ndani kuna mgonjwa wa kifua na kwamba kama yeye ana mama basi ajitazame. Na nyuma ya Bi Zuwena, gari la televisheni lilikuwa linapaki.

Ngazi za mbao ziliteremka gizani. Harufu ya udongo mbichi. Kisha taa za umeme, na chini yake hamamu: safu za vinguzo vya vigae ambavyo zamani vilibeba sakafu ya moto, na bwawa dogo la mviringo lililojaa maji ya mvua.

Mwisho wa chumba palitundikwa pazia la plastiki. Nyuma ya pazia, vivuli vitatu.

Mardhiya alichungulia.

Mezani wali ulikuwa umemwagwa. Taa ilisimama katikati, punje mbili tatu zimeshikilia kwenye vidole vya shaba. Thornby, mrefu, suti ya kijivu, aliigeuza juu chini chini ya tochi ya Maglite. Kwenye unyayo palikuwa na herufi ndogo nyeupe, namba ya makumbusho, iliyoandikwa kwa mkono wa Mzee Msabaha. Kwa namba hiyo Thornby alijua hajauziwa bandia. Sasa alikuwa ameridhika.

"Futa," alimwambia mtu wake.

Mtu huyo, Gorman, alikuwa na shingo ya ng'ombe na chupa ya asetoni. Alilowesha pamba.

Mardhiya aliingia.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Namtafuta mwenzangu."

Gorman aliweka pamba chini. Mkono wake ulipotoka ndani ya koti ulikuwa na Glock 17 yenye kiziba sauti.

"Wewe ni nani?" Thornby aliuliza.

"Mama Afnan."

"Ni nani huyo?"

"Ni mpika chai," Nusra alijibu. "Mtoe tu. Hana maana."

"Umesikia," Mardhiya alimwambia Gorman. "Mpika chai."

Alikuwa ameshalegeza kifuniko.

Chai ilimpata Gorman kwenye kifundo cha mkono. Tangawizi, iliki, na moto wa asubuhi ambao chupa ile haikuwahi kuupoteza. Alinguruma. Bastola ilianguka. Mardhiya aliipiga teke, ikateleza kwenye vigae vya Warumi, ikatumbukia bwawani.

Gorman alimrukia. Mardhiya aliinama, akamzungushia chupa yenyewe kwenye mfupa wa shavu. Chuma cha pua, kazi ya Stanley. Shingo ya ng'ombe ilikwenda chini pamoja na meza.

Alipogeuka, Nusra alikuwa ameshika taa mkono mmoja na pamba mkono mwingine.

"Hatua moja," Nusra alisema kwa Kiswahili, "nafuta."

Mardhiya alisimama.

Pamba ilikuwa unywele mmoja kutoka kwenye namba. Tone la asetoni lilining'inia. Mfuto mmoja tu, na kazi ya Mzee Msabaha imetoweka, na Mzee Msabaha naye.

"Nusra. Kuna mzee wa watu yuko ndani kwa sababu ya hicho."

"Kila mtu yuko ndani ya kitu fulani, dada. Rudi nyuma."

"Ifute," Thornby alisema kwa ukali. Hakujua Kiswahili lakini alijua saa. "Watu wa televisheni wamefika."

Walikuwa wamefika kweli. Na hawakufika peke yao.

"Hamamu tu hii?" sauti ilisikika ngazini. "Kelele zote hizi kwa hamamu? Sisi tunayo Hamamni kule Unguja, tena ina paa."

Pazia la plastiki lilifunguka. Bi Zuwena aliingia akihema, nyuma yake mabuibui, hotpoti, Bwana Kailash na mwavuli, mlinzi wa koti la manjano akiwa na sambusa, na mwanamke wa televisheni na kamera iliyokuwa inawaka taa nyekundu.

Thornby alikuwa amejiandaa kwa kamera wiki nzima. Alitabasamu kabla ya kufikiri.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja saa nzuri. Kitu hicho mnachokiona tumekifukua hapa hapa, asubuhi hii. Taa ya Kirumi, kutoka kwenye udongo wa London."

Bi Zuwena hakumtazama. Alimtazama mtu aliyelala sakafuni, kisha Nusra.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

Nusra alirudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza, mwanangu. Na hicho umeshika nini? Umechoka kwa mbio. Nipe, ukae kitako, upumue."

Alinyoosha kiganja.

Mtu mzima amenyoosha mkono. Nusra alikuwa amepita viwanja vya ndege vya dunia nzima bila jicho kupepesa. Lakini mkono wa mtoto wa Wete ulifundishwa kabla ya akili yake. Pamba ilimponyoka. Mkono wa kulia ulikwenda mbele, wa kushoto ukakishika kifundo kwa adabu, na taa ikatua kiganjani mwa Bi Zuwena.

Nusra aliutazama mkono wake mtupu kama wa mtu mwingine.

Mardhiya aliisogeza chupa ya asetoni kwa mguu mpaka gizani. Akavuta ushungi mpaka machoni, akasimama nje ya mwanga wa kamera.

"Bwana Kailash," alisema taratibu. "Hebu soma chini yake."

Mzee wa Stanmore alivaa miwani. Aliichukua taa, akaigeuza. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi chache.

"ZNZ," alisema. "Na namba." Alimgeukia mwanamke wa televisheni, akanyoosha mgongo, akasema Kiingereza cha darasani, neno kwa neno: "Hii ni alama ya makumbusho ya Zanzibar. Bwana huyu anasema ameifukua hapa leo asubuhi. Labda atueleze Warumi waliipataje."

Kamera ilimgeukia Thornby.

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake. Lilikuwa limesahauliwa pale.

"Ni kosa," alisema. "Nimedanganywa. Huyu mwanamke—"

"Umesema umeifukua," mwanamke wa televisheni alimkumbusha. "Tunayo."

"Ni yetu," Bwana Kailash alisema, safari hii kwa Kiswahili, na hakuna aliyemuuliza yeye wa Stanmore ni wetu wa wapi.

Mlinzi wa koti la manjano alimeza sambusa yake, akatoa simu, akaita polisi. Mabuibui yalikuwa yamesimama ngazini yote. Thornby alijaribu kupita. Hakuna aliyempisha.

Polisi walipoingia kwa mlango wa mbele, Mardhiya alitokea ubavuni.

Ford Transit ilikuwa inamngoja kwenye kona. Laurean alishusha kioo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa yanacheka bila ruhusa.

"Nilikupa amri."

"Kifaa chenu kiliingia maji."

"Maji gani?"

"Ya chai."

Laurean alipangusa usukani usiokuwa na vumbi. "Televisheni imeshapiga simu makumbusho. Wakili wa Mzee Msabaha amepiga simu kwangu. Jumatatu hakutakuwa na hukumu, kutakuwa na aibu. Na yule mkubwa anataka jina la aliyekaidi."

"Mpe."

"Panda, Mama. Tulizungumze."

"Lizungumzeni wenyewe. Hoteli atajenga mwingine."

Hatua zilisikika nyuma. Bi Zuwena, kiti kwapani, hotpoti ya kijani mkononi, amejitenga na msafara. Alimtazama Laurean, akaitazama Transit ya mabomba, akalitazama buibui lililoraruka gotini. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Mama Afnan. Polisi wanamwandikisha Nusra, masikini mjinga. Sasa niambie ukweli. Mgonjwa alikuwepo au hakuwepo?"

"Alikuwepo, Bi Zuwena. Yuko nyumbani, Unguja."

"Anaendeleaje?"

"Jumatatu anatoka."

"Alhamdulillahi." Bi Zuwena alimkabidhi hotpoti. Ilikuwa nzito: katlesi, mkate, pilau, kila mtu alikuwa ametia chake. "Basi hiki kakipashe moto mkale na Afnan. Chakula cha mgonjwa hakitupwi."

Nokia ilitetemeka mfukoni. Afnan, kwa Kiingereza chake, alitaka kujua leo wanakula nini.

Mardhiya alitia hotpoti kwapani, akapita mbele ya Transit bila kuangalia ndani, na kuelekea stesheni. Hakuharakisha.